Kuchagua programu ya hesabu na invoisi kwa biashara ndogo: anza na madeni

Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Moshi nikimalizia hesabu za mwenye duka, akaingia mzee kutoka Kibosho. Kijana wa kaunta akamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimefuata saruji ya mwanangu. Alilipia mifuko 60 mwezi wa saba, alituma kwa simu kutoka Dar. Tumeshachukua 35. Leo fundi yupo, na gari liko hapo nje."

Kijana akafungua daftari, akalifunga, akafungua la pili. Akampigia bosi. Bosi aliyakumbuka malipo, ila kwa kumbukumbu yake mifuko ilikuwa 50. Wakabishana kwa heshima karibu saa nzima, gari la kukodi likisubiri. Mwishowe mzee aliondoka na mifuko 15 ambayo pande zote mbili zilikubaliana, na ile kumi ikabaki kesi.

Duka lile lilikuwa na kompyuta, na ndani yake programu ya hesabu iliyolipiwa. Mauzo ya kila siku yalikuwemo hadi shilingi ya mwisho. Lakini mzigo wa watu uliobaki dukani haukuwemo popote, kwa sababu fedha ilipoingia Julai iliandikwa mauzo, habari ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue programu gani, namuuliza kwanza maswali mawili. Jioni ukifunga mlango, unaweza kuniambia unamdai nani na kiasi gani? Na nani anakudai wewe, iwe fedha au mzigo? Programu inayokujibu hayo kwa biashara yako, kwa namna unavyouza wewe, ndiyo ya kununua. Naandika hesabu za biashara ndogo hapa Moshi na Arusha, maduka, gereji, nyumba za wageni na kampuni ndogo za safari, na hatua zifuatazo ndizo ninazopitia nikikaa na mteja mpya.

1. Jiulize kama unahitaji programu kabisa

Kuna watu nimewazuia kununua. Kama unauza kwa fedha taslimu tu, hukopeshi, bidhaa zako ni chache unazozijua kwa macho, na mauzo yako ni madogo kiasi cha kulipa kodi ya makadirio, daftari zuri linatosha. Kodi ya makadirio ni ya mfanyabiashara mmoja mmoja, asiye kampuni, ambaye mauzo yake ghafi kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100. Chora safu tano: tarehe, jina, kitu, kilicholipwa, kilichobaki. Daftari hilo lisichanganywe na daftari la mauzo ya siku, na kila deni lipewe mstari wake wa kumaliziwa. Si kompyuta iliyowafundisha watu wa mkoa huu kutunza karatasi. Mkulima wa kahawa alipimiwa kilo zake kwenye chama cha msingi na kupewa stakabadhi tangu enzi za mwanzo za KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, miaka ya 1930, na alijua kuitunza.

Dalili kwamba daftari limezidiwa ni hizi. Unakopesha wateja zaidi ya kumi kwa wakati mmoja. Una watu wawili au watatu wanaoandika kwenye daftari moja. Unauzia hoteli, shule au taasisi zinazotaka invoisi kwanza na kulipa baada ya siku 30. Au mauzo yako yanakaribia kiwango cha kusajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ambacho tangu Julai 2023 ni shilingi milioni 200 kwa miezi 12. Ukishasajiliwa, ritani, yaani taarifa ya kodi, ya kila mwezi inatakiwa ifike TRA (Mamlaka ya Mapato) kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kuitengeneza kwa kupekua mafaili ya risiti usiku wa tarehe 19 ni mateso nisiyomtakia mtu yeyote.

Katikati ya daftari na programu kuna Excel. Siidharau hata kidogo. Mwenye gereji wa watu watatu, anayetoa invoisi 15 kwa mwezi, anaweza kukaa na jedwali miaka mingi bila shida. Jedwali huzidiwa pale stoo inapoingia, na pale watu wawili wanapofungua faili moja kwenye mashine mbili, kila mmoja akahifadhi la kwake.

2. Tenganisha mashine ya risiti na programu ya hesabu

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na wauzaji wa programu hawaharakishi kuwaelekeza. Mashine za EFD, yaani za risiti za kielektroniki, zilianza mwaka 2010 kwa waliosajiliwa VAT, kisha zikashuka kwa wengine. Kazi yake ni moja: kutoa risiti ya kodi na kupeleka taarifa ya mauzo TRA. Risiti hiyo ina TIN yako (namba ya mlipakodi), namba yake ya uhakiki na siku hizi alama ya QR ambayo mteja anaweza kuipiga kwa simu akaona kama ni halali. Mashine haijui nani anakudai. Haijui stoo ina nini.

Programu ya hesabu, kwa upande wake, inaweza kukuchapia invoisi nzuri yenye nembo yako na TIN yako, na bado karatasi hiyo isiwe risiti ya kodi. Nimeona kampuni changa Arusha ikiwapa wateja invoisi za namna hiyo miezi minne ikidhani imemaliza wajibu wake. Mteja aliyesajiliwa VAT hawezi kudai kodi aliyokulipa kwa karatasi hiyo; atarudi kwako akitaka risiti ya EFD yenye TIN yake, na wewe utakuwa umeshafunga mwezi.

Siku hizi kuna pia VFD, yaani risiti ya kodi inatolewa na programu yenyewe kwenye simu au kompyuta bila kile kimashine. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili, uliandike na umtake ajibu kwa maandishi: "Programu hii inatoa risiti ya kodi yenyewe, kupitia mtoa huduma gani aliyeidhinishwa na TRA, au nitahitaji mashine pembeni?" Majibu yote mawili yanakubalika. La pili lina maana kila mauzo yataingizwa mara mbili, kwenye mashine na kwenye programu. Kwa ofisi yenye invoisi mbili kwa siku hilo ni jambo dogo. Kwa duka lenye wateja 80 kwa siku haliwezekani. Kufikia wiki ya pili kijana ataacha kuingiza kwenye programu na kubaki na mashine, maana mteja anaidai risiti ya mashine pale pale.

3. Kusanya karatasi za wiki moja, uzijaribishe

Kama utafuata hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii. Usiende kutazama programu ikionyeshwa na muuzaji kwa mifano yake. Mifano yake daima ni ya mteja anayenunua kitu kimoja, analipa chote, anaondoka. Chukua wiki moja ya kweli ya biashara yako, karatasi zote, na ukae nazo mbele ya programu. Programu nyingi za mtandaoni hutoa muda wa kujaribu bila malipo, na za kufunga kwenye kompyuta muuzaji atakubali ukimbana. Hakikisha wiki hiyo ina mambo yafuatayo, na kama haina, yatafute kwenye miezi ya nyuma.

La kwanza ni lile la mzee wa Kibosho: fedha imeingia, mzigo haujatoka. Huku kwetu ni jambo la kila siku. Mtu yuko Dar au Mwanza, anajenga kwao Machame au Marangu, anaogopa bei kupanda, analipia saruji na nondo zote, fundi anachukua kidogo kidogo. Kihesabu, fedha ile bado haijawa mauzo. Ni deni lako kwa mteja mpaka mzigo utoke. Muulize muuzaji: "Nionyeshe ninavyopokea shilingi 1,000,000 leo, natoa mzigo wa 400,000 kesho, na wiki ijayo naona mteja huyu amebakiza 600,000." Akianza kukwepa, au akikuambia andika tu kwenye maelezo ya chini, umeshapata jibu. Wenye kampuni za safari Arusha, hili ni lenu vile vile: kianzio cha mgeni kilichoingia Machi kwa safari ya Agosti si mapato ya Machi. Nimekuta kampuni iliyojiona tajiri mwezi wa tatu, ikanunua gari, kisha Agosti ikakopa fedha za kulipia viingilio vya hifadhi vya wageni wale wale.

La pili ni malipo ya vipande. Hoteli inadaiwa invoisi tatu: 420,000, 380,000 na 150,000. Inatuma 500,000 bila kusema inalipia ipi. Programu ikuwezeshe kuilipa ya kwanza yote, na 80,000 iingie kwenye ya pili, kisha ikuonyeshe imebaki 450,000 na imekaa siku ngapi. Ile taarifa ya madeni kwa umri, yaani ya chini ya siku 30, ya siku 30 hadi 60, na ya zaidi ya hapo, ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote katika programu yoyote. Mimi huiomba kabla ya kutazama faida na hasara.

La tatu, malipo ya lipa namba. Jioni una orodha ya miamala kutoka M-Pesa, Airtel Money, Mixx na benki, baadhi ikiwa na jina la mlipaji ambalo si jina la mteja wako. Kalipa mke, kalipa dereva. Je, programu inakuruhusu kuwa na akaunti tofauti kwa kila lipa namba, ukalinganisha salio la simu na salio la kitabu? Makato ya huduma yanaandikwa wapi? Ukiandika kilichoingia tu bila makato, invoisi itabaki na deni la shilingi mia kadhaa ambalo halipo, na baada ya miezi sita orodha yako ya wadaiwa itajaa vijideni hewa, mpaka madeni ya kweli yafichike katikati yake.

La nne, VAT iliyo ndani ya bei. Huku tunataja bei ikiwa na kodi ndani. Ukiuza kitu kwa 590,000 na kiwango ni asilimia 18, kodi iliyomo ni 590,000 mara 18 gawa kwa 118, yaani 90,000, na chako ni 500,000. Programu iliyowekwa vibaya itapiga asilimia 18 juu ya 590,000 ikupe 106,200. Tofauti ya 16,200 kwa mauzo mamoja, zidisha kwa mwezi. Ijaribu kwa namba hizo hizo. Halafu uliza kama unaweza kubadilisha viwango na kuongeza vipya wewe mwenyewe, kwa sababu Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka na mambo hubadilika tarehe 1 Julai. Usitake kumsubiri fundi aliyeko nchi nyingine aje akubadilishie kiwango.

La tano ni vipimo. Unanunua waya kwa roli, unauza kwa mita. Unanunua misumari kwa boksi, unauza kwa kilo na nusu kilo. Mabati kwa vipande, nondo kwa tani na kwa vipande. Jaribu kununua roli moja la mita 90, uuze mita 7, halafu uangalie stoo inasema nini. Inatakiwa iseme mita 83. Nimeona programu ya gharama kubwa ikisema roli 0.92, na kijana wa kaunta hana habari hiyo ni mita ngapi.

La mwisho, mzigo unaorudishwa. Mteja karudisha bati mbili. Kuna programu zinazokuruhusu kuifuta invoisi nzima kimya kimya, kana kwamba haikuwahi kuwepo. Ziogope. Kinachotakiwa ni hati ya marejesho inayopunguza invoisi ile, na kumbukumbu ya nani aliandika na saa ngapi. Mama mmoja mwenye duka aliniambia, "Dada, kaunta yupo shemeji yangu, siwezi kumwekea vizuizi, ataona namshuku." Nilimjibu kwamba kumbukumbu hiyo inamlinda shemeji kuliko mtu yeyote. Fedha ikipungua siku ambayo hakuwepo, programu ndiyo shahidi wake.

Wiki hiyo ikipita salama, zima data ya simu na uzime modemu. Kisha toa invoisi. Umeme hukatika, mtandao hukatika, na mteja aliyesimama mbele yako hasubiri.

4. Aina zilizopo, na ninavyoziona

Zipo za kufunga kwenye kompyuta yako, zisizohitaji mtandao kwa kazi ya kila siku. Tally, ya India, utaikuta kwenye maduka mengi ya jumla, na wahasibu wanaoijua ni rahisi kuwapata. Kwenye stoo na vipimo ina nguvu sana. Kwa asiyesoma uhasibu sura yake ni ngumu wiki za mwanzo. Sage, ya Uingereza, utaikuta zaidi kwenye kampuni zilizokua. Kuna za bure pia: GnuCash, na Manager ambayo toleo lake la kompyuta moja halilipiwi. Manager nimeiweka kwa biashara za huduma nikaridhika, maana invoisi zake ni safi na madeni unayaona mara moja. GnuCash naipenda mimi mhasibu. Mtu wa kaunta simpi.

Zipo za mtandaoni, unazolipia kila mwezi: QuickBooks Online ya Marekani, Zoho Books ya India, Xero ya New Zealand, na Odoo ya Ubelgiji ambayo ni zaidi ya hesabu, ina stoo na mauzo na mengine mengi. Hizi zinafaa sana kwa kampuni ya safari, mshauri, au mwenye nyumba ya wageni anayetaka kutuma invoisi akiwa Karatu na mwenzake akaiona Arusha. Zinabeba fedha zaidi ya moja, jambo ambalo mwenye mawakala wa nje hawezi kulikwepa. Angalia tu kwamba uwezo wa kutumia dola na shilingi pamoja umo kwenye kifurushi unacholipia, maana mara nyingi haumo kwenye kile cha chini.

Na zipo zilizotengenezwa hapa nchini, nyingi zikiwa za kaunta, zenye risiti ya kodi ndani yake na lugha ya Kiswahili. Kwa duka la rejareja lenye wateja wengi, naanzia hapa. Kuuza na stoo hufanya vizuri, na kijana huzoea siku mbili. Ninachokikuta mara kwa mara ni udhaifu upande wa hesabu zenyewe, yaani benki, mikopo, uchakavu wa mali na mizania (taarifa ya mali na madeni ya biashara). Si tatizo kubwa kama mhasibu wako anaweza kutoa taarifa za mwezi kwenye Excel na kumalizia upande wake. Kwa duka, ningechagua ya kaunta iliyo nzuri na mizania ikafanywa nje, kuliko ya mizania iliyo nzuri ambayo kaunta hawaijazi.

Kabla ya kuamua, mpigie atakayefunga hesabu zako za mwaka. Kampuni inatakiwa kuwasilisha hesabu zilizothibitishwa na mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, naye ana programu anazozijua. Ukimletea asiyoijua atakutoza muda wa kujifunza.

5. Piga bei ya miaka mitatu

Bei ya tangazo ni kianzio tu. Tuseme programu ya mtandaoni ni dola 20 kwa mwezi. Kwa miezi 36 ni dola 720, na kwa shilingi 2,600 kwa dola ni shilingi 1,872,000. Dola ikipanda, bei yako imepanda bila mtu kukuandikia barua. Ongeza bando la mtandao, ongeza kadi ya benki inayokubali malipo ya nje, maana ikikataliwa siku ya kulipia akaunti inaweza kufungwa katikati ya mwezi.

Ya kununua mara moja nayo ina yake: kompyuta ya kuaminika, betri ya kushikilia umeme ukikatika, diski ya kuhifadhia nakala, na malipo ya mwaka ya marekebisho. Uliza pia kila mtumiaji wa ziada anagharimu kiasi gani, na fundi akija dukani analipwa vipi. Ziandike zote kwenye karatasi moja, safu moja kwa kila programu. Mara nyingi iliyoonekana rahisi inakuwa ya pili kwa ughali.

6. Data ni yako, na uwe na uwezo wa kuitoa

Hili nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaanza kuhudumia wengine, tulikuwa na duka la familia. Tulinunua programu kwa fundi mmoja, ikafungwa kwenye kompyuta moja kwa namba maalumu ya mashine ile. Diski ikafa. Fundi alikuwa amebadili namba ya simu. Nakala tulizokuwa nazo kwenye flashi hazikufunguka kwenye kompyuta mpya kwa sababu zilitaka namba ya mashine ya zamani. Madeni ya miaka miwili yalipotea. Wateja waaminifu walikuja wenyewe kutuambia tunawadai kiasi gani, na nitawashukuru siku zote. Wengine hawakuja.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, fanya jaribio hili mwenyewe kwa mkono wako: toa orodha ya wateja, orodha ya wadaiwa, orodha ya stoo na leja yote (kumbukumbu ya miamala yote) kwenda faili la Excel, kisha lifungue kwenye kompyuta nyingine. Lisipofunguka, acha. Uliza pia nisipolipa mwezi mmoja nini kinatokea: bado nitaweza kusoma na kutoa kumbukumbu zangu, au mlango unafungwa? Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka mitano. Mkaguzi akija mwaka wa nne, kwamba uliacha kulipia programu ya zamani si utetezi.

Nakala iwe kila siku, na moja ilale nje ya duka. Ile inayokaa kwenye droo chini ya kompyuta itaibwa pamoja na kompyuta. Kumbuka pia ndani ya programu kuna majina na namba za simu za wateja wako, na tangu 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Kila mtumiaji awe na jina lake na nenosiri lake. Lile moja la dukani linalojulikana na kila mtu hadi mbeba mzigo, liondoe.

7. Nani ataijaza?

Mpeleke mtu wa kaunta kwenye majaribio, asimame yeye, wewe ukae kimya. Mpe foleni ya watu watatu wa kuigiza, mmoja anataka risiti yenye TIN, mmoja anakopa, mmoja karudisha kitu. Hesabu dakika. Akifika mahali akakuangalia usoni mara tatu kwa invoisi moja, programu ile haitaishi dukani kwako, hata kama wewe umeipenda.

Kazi ya kuingiza bidhaa mwanzoni ndiyo inayokatisha watu tamaa. Duka la vifaa linaweza kuwa na bidhaa elfu moja na zaidi. Tuna bahati ya kuwa na Chuo cha Uhasibu Arusha kule Njiro na Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi. Wanafunzi wao hutafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Mchukue mmoja, mlipe posho yake kwa heshima, mpangie majina ya bidhaa kwa namna kaunta mnavyoyaita. Kama mnasema "bati geji 30 kijani", iandikwe hivyo, isiandikwe jina la kwenye katoni ambalo hakuna anayelitafuta.

8. Chagua siku ya kuhamia

Usihamie Desemba. Moshi inajaa kuanzia katikati ya mwezi, kila aliyeko mbali anarudi kula sikukuu kwao, na nusu yao wanajenga au wanakarabati. Kwa kampuni za safari, usihamie kati ya Juni na Oktoba. Siku nzuri kwa wengi wetu ni tarehe 1 Januari, kwa kuwa mwaka wa kodi unaanza hapo, na duka linakuwa limetulia. Kampuni za safari zinaweza kutumia Aprili na Mei, mvua ikinyesha na wageni wakiwa wachache.

Desemba 31 jioni hesabu stoo, watu wawili kwa kila rafu, mmoja anahesabu na mwingine anaandika. Andika salio la kila benki na kila lipa namba. Kisha orodhesha wadaiwa wote, na mpigie simu kila mmoja kuthibitisha kiasi kabla hujakiingiza. Hapa ndipo utagundua ni madeni mangapi uliyokuwa ukiyabeba kichwani tu. Orodhesha pia mizigo ya watu iliyolipiwa na haijachukuliwa, jina, idadi, tarehe ya malipo, na mpigie kila mwenye mzigo vile vile.

Januari yote endesha daftari na programu kwa pamoja. Kila Jumamosi jioni chapa karatasi mbili, ya unaowadai na ya wanaokudai, uzilinganishe na daftari mstari kwa mstari. Zikikubaliana Jumamosi nne mfululizo, funga daftari, liandike tarehe ya mwisho kwenye jalada, na uliweke pamoja na kumbukumbu za miaka mitano. Zisipokubaliana, tafuta tofauti kabla ya Jumatatu, wakati kijana wa kaunta bado anakumbuka nani alichukua nini.